Aliacha nyaya za umeme, sasa anatembeza wageni Lubumbashi

Saa mbili ya asubuhi, Jumamosi, Place de la Poste. Watu wa kubadilisha feza wamekwisha kupanga franga zao juu ya meza, taxi-bus zinaita abiria wa Kenya na Katuba, na pembeni amesimama baba mmoja mwenye shati jeupe, anaangalia saa. Mkononi ana daftari la mwanafunzi lililofunikwa na plastiki. Anangojea mama mmoja Mbelgiji, mzee, aliyezaliwa hapa wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Tuliomba kuwafuata. Alikubali kwa sharti moja, tusiandike jina lake: «Patroni wa zamani anasomaka gazeti yenu.» Sababu yake tutaiona mbele.

Ana miaka 49. Kwa miaka 19 alikuwa fundi wa umeme katika kampuni ndogo yenye kupata kazi za mikataba kwenye migodi. Mkataba ukiisha, wanafungua mwingine. Siku moja hawakufungua. Alikaa nyumbani, komini ya Kenya, miezi saba. Na mwanaume akikaa miezi saba mbele ya nyumba yake, majirani wanaanza kumletea kazi za bure: leo pasi, kesho redio, kesho kutwa waya uliokatika na mvua.

Kazi mpya iliingia kwa mlango wa nyuma. Rafiki yake dereva aliugua, akamuomba azungushe wageni wawili mjini kwa siku moja. «Banauliza: hii shemine ya Gécamines ilianza mwaka gani? Miye nanyamaza. Banauliza tena: mu ile mulima mweusi kuko nini? Miye nanyamaza. Nilizaliwa mu kivuli yake, na sikuyua hata kitu. Ile siku nilisikia haya, wee!»

Haya hiyo ndiyo iliyomnunulisha daftari. Alianza kwenda kwenye Museum ya Taifa kuuliza, kisha akazunguka kwa wazee wa Kamalondo, komini ya zamani kati ya zile zilizojengewa Waafrika. Leo daftari limejaa. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Shaba ya kwanza iliyeyushwa tarehe 30 Juni 1911, na wageni wanacheka wakisikia tarehe hiyo, wakifikiri ameichanganya na ya Uhuru. Sinagogi ni ya 1930. Ule mlima mweusi ni takataka za tanuru, za miaka na miaka ya kuyeyusha madini. Lakini kuwa na tarehe si kuwa gide. Tarehe hata simu inazo. Tulivyomwona kazini, ujuzi wake uko mahali pengine, na ulionekana kwenye mlango wa nyumba moja.

Mama Mbelgiji alikuja na picha ya zamani: baraza, ngazi tatu, mwembe. Njia nyingi zimebadilika majina, kwa hiyo tulizunguka karibu saa nzima chini ya mijakaranda kabla ya kukuta zile ngazi tatu. Mlango wa chuma ulifunguliwa kidogo, akatokea mama wa nyumba, macho makali. Katika mji huu, mzungu akisimama mbele ya nyumba yako na picha ya zamani, mawazo ni moja tu: amekuja kudai kiwanja. Tayari mtoto alikuwa ametumwa kuita shefu wa kartiye.

Gide wetu hakutoa picha. Hakumtaja hata mgeni. Alisalimu, akauliza habari ya watoto, akasema baba yake alikuwa akitengeneza nyumba za kartiye hii siku za likizo. Kisha: «Mama, hatukuye kukamata nyumba. Huyu mama anatafuta tu mwembe. Alikuwa anaupandaka wakati aliko mutoto.» Kimya kidogo. «Mwembe tulikata,» mama akajibu, «mizizi ilikuwa inabomoa ukuta.» Halafu akafungua mlango wote. Tulikaa kule karibu saa mbili, wale mama wawili kwenye viti vya plastiki, wakionyeshana picha za wajukuu. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa sana.

Mchana alitaka tupite karibu na uwanja wa mpira, kwa ajili ya habari ya Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi pale uwanjani walipokusanyika. Makumi ya watu walikufa. Mwanzoni gide wetu alikuwa akiruka ukurasa huo mbele ya Wabelgiji, kwa kuogopa kupoteza zawadi ya mwisho. Anakiri bila kuzunguka. Siku hizi anausoma kwa wote. Mama mzee alisikiliza, akauliza kwa sauti ndogo kama mauti hayo wenyeji wanayakumbuka. «Babu yangu alitoka Lomami kuya kufanya kazi hapa,» akamjibu. Basi.

Baba yake naye alitumika Gécamines, kwenye fonderi, mpaka mwaka 2003. Ni mmoja wa wale 10 655 walioondoka katika mpango wa «départs volontaires» uliolipiwa na Benki ya Dunia. Neno hilo «volontaires» bado linachekesha watu vibaya huku. Watu waliozoea kuita kampuni baba na mama, yenye kuwapa posho, masomo na hospitali, walirudi nyumbani na bahasha. Gide wetu aliona bahasha ya baba yake ikiisha. Ndiyo maana, anasema, hataki tena kungojea mtu afungue mkataba.

Lakini tusijidanganye, kazi hii ni nyembamba. Wageni wanaonekana zaidi wakati wa kiangazi. Mvua ikianza, zinapita wiki mbili bila simu. Siku nzuri anaondoka na dola 30 au 40, na humo anatoa taxi, anatoa sukre ya mlinzi huyu na wa yule. Ukipiga picha mahali pasipotakiwa, siku yote inaishia ofisini kwa maelezo. Binti yake mkubwa yuko mwaka wa pili Université, na minervali haijui kiangazi wala masika.

Na patroni wa zamani amepiga simu. Kuna kazi Kolwezi, umeme, mwaka mmoja, mshahara wa kila mwezi. «Bibi yangu anasema: miaka 19 ulivaa kaske, leo unabebea bazungu sakoshi. Si uongo. Njo iko vile.» Anatakiwa kujibu Jumatatu. Tulimuuliza atajibu nini. Alifungua daftari, akatuonyesha kurasa mbili nyeupe zenye kichwa kimoja tu juu: Shilatembo. Ni pale, kwenye barabara ya Likasi, ambapo Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961. Wageni wengi wanamuomba awapeleke, na yeye hataki kwenda kabla hajakaa na wazee wa vijiji vya pale. Alipanga kwenda Jumanne.

Saa kumi na moja mama Mbelgiji alimlipa, akamkumbatia, akaingia hotelini. Yeye alihesabu feza mara mbili, akaigawa mifuko miwili, akapanda taxi-bus ya Kenya.