Tochi ya kukagua noti haipimi sumukuvu

Juzi mzee mmoja kijijini alinionesha tochi yake ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Alimulika mahindi usiku, punje zilizong'aa kijani-njano akawapa kuku, zilizobaki akaweka za kula. "Bwana shamba, sumukuvu nimeshaimaliza," akaniambia. Nilishtuka kwelikweli.

Wakulima wangu, kinachong'aa pale siyo sumukuvu yenyewe. Ni asidi ya koji, inayotengenezwa na kuvu, ikishabadilishwa na vimeng'enya vya punje. Kwa hiyo punje yenye sumu inaweza ising'ae, na inayong'aa ikawa haina. Na kuku nao hudhurika, msiwape! Sumu hii mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua hapa kwetu, Dodoma na Manyara.

Siku hizi kuna vipimo vya utepe vinavyotumia chembe ndogo mno, chembe nano, zenye madini adimu yaitwayo europiamu. Ukizimulika kwa mwanga ule ule wa zambarau hutoa mwanga mwekundu. Sasa shida ni kwamba unga wa mahindi na karatasi ya utepe navyo hung'aa. Ila mng'ao wao hufa papo hapo, wa europiamu hukawia kiasi cha sehemu ya elfu ya sekunde. Mashine inamulika, inazima, inasubiri kidogo, ndipo inasoma.

Watafiti wana chembe nyingine zenye iterbiamu na erbiamu. Hizi humulikwa kwa mwanga usioonekana, wa nanomita 980. Iterbiamu hubeba nguvu na kumkabidhi erbiamu mara mbili, kama vibarua wawili wanaoinua gunia moja, naye hutoa mwanga wa kijani. Mahindi hayang'ai kabisa chini ya mwanga huo. Mimi hapo ndipo nilipopapenda.

Angalizo: kwenye tepe nyingi za aina hii, mstari wa kipimo ukififia ndiyo sumu imezidi. Tena sumu hukaa kwenye punje chache, hivyo konzi moja ya juu ya gunia haitoshi hata mashine iwe nzuri vipi.

Kwa mzee tulipiga bambo kila gunia, juu, kati na chini, tukachanganya na kusaga. Sampuli inakwenda kupimwa. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mpaka majibu yarudi, mahindi yale hayaliwi.