Trela la kubebea gari la spoti: anza na uzani, urefu utafuata

Meli za magari zinapofunga gati Kilindini, siku hizi hazishushi Probox na Vitz pekee. Wako vijana wetu, na wazee wenye moyo wa ujana, wanaoagiza Toyota GT86, Mazda MX-5, Subaru WRX STI, na mara moja moja Nissan GT-R. Gari likishatoka bandarini ndipo kazi huanza. Litafikaje Nairobi, au Malindi, au Diani, bila kukwaruza tumbo kwenye matuta? Wengi huamua kulibeba juu ya trela. Wakimpata mwenye trela humuuliza jambo moja tu: lina urefu gani? Wakiambiwa gari litaenea, wanapatana bei na safari inaanza.

Kuenea si kubebeka. Gari laweza kukaa vizuri kabisa juu ya sakafu ya trela ambalo halina nguvu ya kulibeba, na hilo hutalijua mpaka tairi lipasuke katikati ya nyika ya Taru, malori yakikupita kushoto na kulia.

Tuanze na hesabu ya kilo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Trela lililoundwa kiwandani huwa na kibati cha chuma kilichopigwa kwenye chesisi, kikionyesha uzani wa juu kabisa unaoruhusiwa. Mtu akisoma kilo 2,000 hudhani anaweza kupakia kilo 2,000. Sivyo. Namba hiyo ni ya trela lenyewe pamoja na kila kilicho juu yake. Trela la wazi lenye ekseli mbili na sakafu ya chuma huwa na kilo 700 hadi 1,000 likiwa tupu. Kwa hiyo trela la kilo 2,000 ambalo lenyewe lina kilo 900 limebakiwa na nafasi ya kilo 1,100 tu, na GT86 ina takriban kilo 1,250. Tayari umezidisha, na hujapakia hata jeki.

Ifanye hesabu hiyo kwa ukamilifu. Gari kilo 1,250, trela kilo 900, jumla 2,150. Ongeza seti ya tairi za ziada, jeki, mikanda, petroli iliyomo kwenye tangi, na lile boksi la vipuri ambalo mwenye gari hakosi kulitupia kwenye buti. Umefika kilo 2,300. Hapo unahitaji trela lililopangiwa kilo 2,700 au zaidi, ili lisifanye kazi kwenye ukomo wake safari nzima. Mwenye MX-5 ana nafuu, kwa kuwa gari lake lina takriban kilo 1,000 hadi 1,100. Mwenye GT-R ana takriban kilo 1,750 za gari peke yake, kwa hiyo asitazame chochote kilicho chini ya kilo 3,000.

Sasa, matrela mengi ya hapa kwetu hayakutoka kiwandani. Yamechomelewa na mafundi wetu wa jua kali kwa ekseli za magari ya zamani, na hayana kibati chochote. Siwadharau mafundi hao, baadhi ya kazi zao ni imara kuliko za kuagizwa. Lakini neno "linabeba tani mbili hili" kutoka kwa mwenye trela si kipimo. Uliza ekseli imetoka gari gani, maana ekseli haikuongezewa nguvu kwa kuhamishwa. Chuchumaa usome tairi. Ubavuni mwake huwa na tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi la trela mara nyingi huzeeka kwa kusimama juani kabla halijachakaa kwa kutembea, kwa hiyo kashata za tairi zikiwa nzito zisikudanganye.

Ekseli moja au mbili? Kwa gari la spoti, mimi nasema mbili, wala sina subira na anayebisha. Trela la ekseli mbili likipasukiwa na tairi moja, zimebaki tatu za kulishikilia mpaka usimame. La ekseli moja likipasukiwa, huanguka upande mmoja papo hapo, na gari lililo nyuma yako sasa ndilo linaloamua wapi mnaelekea.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakakodi trela kubwa kupindukia kwa imani kwamba kubwa ni salama. Trela la mita saba lililoundwa kubeba mashine za ujenzi laweza kuwa zito kuliko GT86 yenyewe likiwa tupu. Uzani huo wote unavutwa kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Isitoshe, springi zake ngumu hazitahisi kwamba zimebeba kitu, kwa hiyo kila shimo la barabarani litapiga moja kwa moja kwenye gari lako. Hicho ndicho ulichokuwa unakikimbia.

Gari linalovuta nalo lina ukomo wake, na umeandikwa kwenye kitabu chake. Hilux na D-Max za dizeli za miaka ya karibuni, katika masoko mengi, zimepangiwa hadi kilo 3,500 kwa trela lenye breki zake lenyewe. Kwa trela lisilo na breki, ukomo wa kawaida ni kilo 750 tu. Tazama tofauti hiyo. Trela tupu la ekseli mbili pekee linaweza kupita kilo 750. Kwa hiyo trela la kubebea gari lisilo na breki zake usilichukue, hata kama bei ni ya bure. Kwenye mteremko wa kurudi Mazeras, pikapu inayojaribu kujisimamisha yenyewe pamoja na kilo 2,300 zinazoisukuma mgongoni haina la kufanya. Na Probox, pamoja na heshima zote tunazoipa kwa kubeba miraa na samaki, si gari la kuvuta mzigo huu.

Hapa ndipo urefu unapoingia, na si kwa sababu watu wanayodhani. Urefu wa ziada hauhitajiki ili gari lienee. Unahitajika ili uweze kulisogeza mbele na nyuma upate mizani. Trela lazima liegemee kidogo kwenye pikapu. Wamarekani husema asilimia 10 hadi 15 ya uzani wote ikae kwenye kiungio, na Ulaya hutumia kiwango cha chini kidogo. Kwa kilo 2,300, asilimia 10 ni kilo 230. Ukiweka uzani mwingi nyuma, trela litainua mkia wa pikapu, na ukifika kasi ya kilomita 80 au 90 kwa saa litaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likianza, usikanyage breki za pikapu kwa nguvu wala usipinde usukani kulifuata. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, uache kasi ishuke. Kisha simama pahali salama usogeze mzigo mbele, maana halitaacha kwa kuombewa dua peke yake.

GT86 ina urefu wa mita 4.24 na injini mbele, uzani wake ukiegemea mbele kwa takriban asilimia 53. Sakafu ya mita 4.8 hadi 5 inakupa nafasi ya kuisogeza. STI ina karibu mita 4.6, kwa hiyo tafuta mita 5 na ushee. Porsche 911 ni kisa kingine: injini iko nyuma, na karibu asilimia 60 ya uzani iko huko. Ukiipandisha pua mbele kama magari mengine, uzani wote umeupeleka mkiani mwa trela. Ama upate sakafu ndefu ya kuisogeza mbele sana, ama uipandishe kinyumenyume.

Upana hauna maneno mengi. GT86 ni mita 1.78 bila vioo, GT-R karibu mita 1.9. Pima nafasi kati ya madigadi ya trela, isipungue mita 2. Jambo linalosahauliwa ni mlango: gari hizi ziko chini kiasi kwamba mlango hugonga digadi ya trela, na dereva aliyepandisha gari hujikuta amefungiwa ndani. Nimeona mtu mzima akitoka kwa dirishani huku watoto wa mtaa wakipiga makofi. Trela lenye madigadi ya kufungua, au winchi ya kuvutia gari bila mtu ndani, huondoa aibu hiyo.

Kubwa zaidi ni tumbo. Gari la spoti liko karibu sentimita 13 tu juu ya ardhi. Chukua trela lenye sakafu ya sentimita 60 juu na vipandio vya mita 1.5. Mpando huo una zaidi ya nyuzi 23, na bampa la mbele litavunjika kabla tairi halijagusa kipandio sawasawa. Refusha vipandio mpaka mita 2.4 na mpando unashuka hadi nyuzi 14 na nusu. Wengi hufurahi hapo, kwa kuwa bampa limeponea. Lakini gari likifika juu, pale kipandio kinapokutana na sakafu, tairi za mbele ziko juu na za nyuma bado ziko chini. GT86 ina mita 2.57 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwenye pembe hiyo ule ukingo hunyanyuka sentimita 16 kuelekea tumboni, nawe una 13. Gari litakalia chuma.

Sakafu ya chini, sentimita 45 hivi, na vipandio vya mita 3 hushusha ukingo huo hadi karibu sentimita 10, na hapo gari linapita. Usipopata trela la namna hiyo, kuna ujanja wa wazee wa gereji: nyanyua pua ya trela kwa jeki, mkia wake ushuke na sakafu iinamie nyuma, kisha tandika mbao nene chini ya vipandio ili mpando uanze mbali zaidi. Yapo pia matrela yanayoinama sakafu nzima. Kwa gari lililoshushwa springi, nisingehangaika na kingine.

Kwa wanaoelekea Diani, kumbukeni feri ya Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na trela refu lenye mkia uliotokeza nyuma ya tairi litakwaruza simiti. Ama ngoja maji yajae, ama zunguka Dongo Kundu.

Mikanda iwe minne, mmoja kwa kila gurudumu, ikishika tairi lenyewe badala ya springi au bampa. Gari hupumua juu ya springi zake, na mkanda uliofungwa kwenye bodi hulegea kila linapopiga shimo. Toka mjini, ukifika Mazeras simama ukaze tena. Mkanda mpya hunyooka katika kilomita za mwanzo, na tawakali huja baada ya kukaza.

Kwenye makaratasi, trela lina usajili wake na namba yake huanza na herufi Z. Lisilo na namba, taa za nyuma zinazowaka na bima, mwachie mwenyewe. Elewa pia kwamba bima ya pikapu inayovuta si bima ya gari lililobebwa, na hata kama mwenye pikapu ni mwaminifu na anakiri gari lako ni amana mikononi mwake, hana pa kuitoa milioni mbili au tatu likipinduka Voi.

Kama safari ni ya mara moja tu, piga hesabu ya lori la kitanda kinachoshuka kwa haidroliki. Litakutoza zaidi, lakini dereva wake anafanya kazi hiyo kila siku, na mizani, kiungio na trela la kuyumba havikuhusu tena. Muulize tu, kabla hajaja, kitanda chake kikishuka hubaki na pembe gani, na ana mbao za kutandika au uende nazo wewe.