Mzigo wa mwenzio: ubishi wa mpira wa vyuo Marekani mwaka wa korona

Tarehe 21 Agosti, 2020, kundi dogo la wazazi lilisimama nje ya jengo moja la ofisi katika mji wa Rosemont, kando ya Chicago, nchini Marekani. Hawakuja kudai ada ya chuo ipunguzwe, wala chakula cha mabweni kiboreshwe. Walikuja kudai watoto wao waruhusiwe kucheza mpira. Siku kumi nyuma, jumuiya ya vyuo iitwayo Big Ten, yenye makao yake katika jengo hilo, ilikuwa imetangaza kwamba kwa sababu ya ugonjwa wa korona mpira hautachezwa msimu huo wa vuli.

Mapema mwezi huo huo, mama mmoja ambaye mwanawe alichezea chuo kimojawapo cha jumuiya hiyo alikuwa ameueleza umma habari nyingine. Kijana wake, mwenye mwili wa miraba minne na afya iliyokuwa haina dosari, alikuwa amehangaika kupumua kwa majuma mawili, na sasa waganga walikuwa wakiutilia shaka moyo wake.

Wazazi hao wote walikuwa na watoto wa umri mmoja, katika jumuiya moja, wakicheza mchezo mmoja. Kila mmoja aliamini kwamba anamtetea mwanawe. Je, nani kati yao alikuwa na haki?

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana msomaji asije akadhani tunazungumzia kandanda yetu ya Simba na Yanga. Mpira wa Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama embe dodo, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya bandia, kisha hujipanga uso kwa uso na kugongana kwa nguvu zao zote, tena na tena, kwa muda wa saa tatu hivi. Pumzi ya huyu humwingia yule. Kama mtu angetaka kubuni mchezo wa kuusaidia ugonjwa wa kifua kuenea, ingemwia taabu kubuni uliotimia kuliko huo.

Na huko Marekani mpira wa vyuo si burudani ya wanafunzi ya Jumamosi alasiri tu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wetu wa Mkapa, Dar es Salaam, ambao sisi huuita mkubwa, huingiza 60,000. Makampuni ya televisheni hulipa mamilioni ya dola kupata haki ya kuonyesha mechi hizo, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala mganga mkuu, bali ni kocha wa chuo. Mwaka 2020 wachezaji wenyewe hawakulipwa mshahara. Walipewa masomo, malazi na chakula. Kwa mujibu wa sheria walihesabiwa kuwa wanafunzi wanaojifurahisha, hivyo hawakuwa na mkataba wa kazi wala fidia ya mfanyakazi aumiaye kazini.

Neno hili tuliweke akilini, kwa kuwa ubishi wote uliofuata ulizunguka pembeni mwake bila kulitamka.

Ugonjwa ulipoingia, jambo la kwanza lilikuwa rahisi. Tarehe 12 Machi, 2020, siku moja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba korona ni janga la ulimwengu, mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya vyuo yalifutwa, na karibu kila mtu alikubali. Dunia nzima ilifanya vivyo hivyo. Ligi yetu Kuu nayo ilisimamishwa Machi hiyo, ikarejea Juni. Lakini mpira wa Kimarekani huchezwa kuanzia mwisho wa Agosti, kwa hiyo wakuu wa vyuo walipata miezi mitano ya kufikiri, na fikra zikagawanyika.

Vyuo vinane vya jumuiya ya Ivy League, ambavyo vina utajiri wa karne kadhaa na havitegemei mpira kwa mapato, vilifuta michezo ya vuli tarehe 8 Julai. Siku hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza kwamba kwa upungufu wa fedha kitafuta michezo 11, uamuzi ambao ulitanguliwa baadaye, Mei 2021. Tarehe 11 Agosti, Big Ten na Pac-12, jumuiya ya vyuo vya magharibi, ziliahirisha msimu. Katika Big Ten marais 11 walipiga kura ya kusimamisha na watatu wakapinga. Jumuiya za kusini, ambako mpira huu ni kama dini ya pili, zilisema zitacheza.

Waliotaka mchezo usimame walikuwa na hoja nzito. Virusi vilikuwa vipya, na uchunguzi uliotolewa huko Ujerumani mwezi Julai ulionyesha dalili za athari katika mioyo ya wengi waliopona. Septemba, waganga wa Chuo Kikuu cha Ohio State walieleza kwamba katika wanamichezo 26 waliopata korona, wanne walikuwa na dalili za uvimbe wa misuli ya moyo. Ugonjwa huo unaweza kumwangusha kijana uwanjani ghafla, bila kutoa onyo.

Waliotaka mchezo uendelee nao hawakuwa wapumbavu. Kocha Nick Saban wa Alabama alidai kwamba vijana wako salama zaidi mikononi mwa chuo, chenye waganga na vipimo, kuliko wakizurura majumbani. Kwa kijana anayetoka katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane, hoja hiyo haikuwa ya kuchekwa. Aidha, kwa wachezaji wengi, na takribani nusu ya wale wa daraja la juu ni Wamarekani weusi, msimu mmoja ndio tofauti kati ya kuingia katika mpira wa malipo na kurudi kijijini mikono mitupu.

Lakini kulikuwa na mambo yaliyoitia hoja hiyo doa. Chuo Kikuu cha North Carolina, katika mji wa Chapel Hill, kilifungua milango tarehe 10 Agosti. Juma moja tu likapita, ugonjwa ukalipuka mabwenini, na tarehe 17 masomo ya shahada ya kwanza yakahamishiwa kwenye kompyuta. Wanafunzi wengi wakafunga virago. Timu ya mpira ikabaki. Ndugu msomaji, mwanafunzi ambaye chuo hakiwezi kumweka darasani kwa usalama, lakini chaweza kumweka uwanjani, huyo ni mwanafunzi wa namna gani?

Kisha kulikuwa na karatasi. Vijana waliporejea mazoezini mwezi Juni, baadhi ya vyuo viliwapa hati za kutia sahihi: nyingine zilikuwa ahadi tu ya kufuata masharti ya afya, nyingine zilikiri kwamba hatari ni yao wenyewe. Tarehe 5 Agosti chombo kikuu cha michezo ya vyuo kilipiga marufuku kumlazimisha mchezaji kusalimisha haki yake ya kushtaki kwa sababu ya korona, na kikaagiza kwamba anayeogopa kucheza asinyang'anywe ufadhili wake. Marufuku hiyo ilikuwa njema, ila yaonyesha nini kilikuwa kimekwisha kuanza kufanyika.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Marais wa vyuo, makocha, wakuu wa televisheni na wanasiasa, wote waliupima mzigo huo kwa mikono yao na kuuona mwepesi au mzito kadiri ilivyowafaa. Rais Donald Trump, ambaye mwaka huo alikuwa katika kampeni za uchaguzi, alihimiza hadharani mpira uchezwe, na tarehe 1 Septemba akampigia simu mkuu wa Big Ten.

Na wabebaji wenyewe je? Hapa ndipo mimi naona kiini cha mambo. Tarehe 2 Agosti wachezaji wa Pac-12 walichapisha madai yao: kinga ya afya, haki kwa watu weusi, na nusu ya mapato ya mchezo. Walisema hawatacheza wasiposikilizwa. Juma moja baadaye wachezaji mashuhuri, miongoni mwao Trevor Lawrence wa Clemson na Justin Fields wa Ohio State, walitoa tamko lao kwa maneno yaliyoonekana kuwa kinyume chake: tunataka kucheza. Magazeti yakaandika kwamba vijana wamegawanyika. Wanasiasa wakalishika neno "kucheza" wakalipeperusha kama bendera.

Lakini tamko hilo la pili halikuishia hapo. Liliendelea kudai masharti ya afya yaliyo sawa kwa vyuo vyote, na haki ya mtu kukaa pembeni bila kuadhibiwa, na mwishoni likataja lengo la kuunda chama cha wachezaji. Makundi hayo mawili, yaliyodhaniwa kupingana, yalikuwa yakidai jambo lile lile: wakiingia penye hatari, wawe na sauti. Mfanyakazi yeyote wa kiwandani au bandarini analielewa dai hilo bila kufundishwa. Waliopeperusha bendera waliusoma mstari wa kwanza wakakunja karatasi.

Tarehe 16 Septemba, Big Ten iligeuka. Ilieleza kwamba sasa vimepatikana vipimo vya haraka ambavyo kila mchezaji atapimwa kila siku, na kwamba atakayeugua atakaa nje siku 21 na kupimwa moyo. Pac-12 ikafuata siku nane baadaye. Siwezi kusema vipimo havikuwa sababu ya kweli. Nasema tu kwamba wanafunzi wa kawaida wa vyuo hivyo hivyo, waliokula katika bwalo lile lile, hawakupewa kipimo cha kila siku.

Msimu wenyewe ulikwenda kwa kuchechemea. Zaidi ya mechi 100 zilifutwa au kuahirishwa. Kocha wa Louisiana State alieleza Septemba, kana kwamba anasimulia habari za mafua, kwamba wachezaji wake wengi wamekwisha ugua. Tarehe 10 Oktoba kocha Dan Mullen wa Florida, akiwa na uchungu wa kushindwa ugenini, alitaka uwanja wake ujazwe mashabiki 90,000. Kabla ya juma kwisha ugonjwa ulikuwa umeikumba timu yake, mechi iliyofuata ikaahirishwa, na yeye mwenyewe akakutwa na virusi. Trevor Lawrence aliugua akakosa mechi mbili. Hata Saban, yule wa hoja ya usalama, alikutwa na ugonjwa mwishoni mwa Novemba.

Na kanuni zilipokutana na fedha, kanuni zilisogea. Big Ten ilikuwa imeamua kwamba timu isiyocheza mechi sita haiwezi kuwania ubingwa wa jumuiya. Ilipofika Desemba, Ohio State ilikuwa imecheza tano. Kanuni ikafutwa, na Indiana, ambayo ingechukua nafasi hiyo, ikakaa kando. Fainali ya taifa ilichezwa jimboni Florida tarehe 11 Januari, 2021, mbele ya watazamaji wasiofika 15,000. Alabama iliifunga Ohio State pointi 52 kwa 24.

Wapenda historia watakumbuka kwamba jambo hili halikuwa geni. Katika homa kubwa ya mwaka 1918 vyuo vilipunguza mechi bila kuuacha mpira kabisa, na ipo picha ya uwanja wa Georgia Tech mwaka huo, mashabiki wamekaa jukwaani wamefunika pua na midomo. Nimeitazama mara nyingi picha hiyo. Wengine barakoa zimewashukia kidevuni, sawa kabisa na ilivyokuwa mwaka 2020.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba hofu ya moyo haikutimia kwa ukubwa ulioogopwa. Uchunguzi mpana uliotolewa mwaka 2021 uliwaangalia wanamichezo wa vyuo zaidi ya 3,000 walioambukizwa. Waliokutwa na dalili za athari katika moyo walikuwa 21. Waliosema mchezo uendelee wana haki ya kuikumbusha hesabu hiyo. Hata hivyo, Agosti 2020 hesabu hiyo hakuwa nayo mtu yeyote, si wao wala wapinzani wao.

Yuko mzazi mwingine ambaye sijamtaja. Septemba 2020, katika jimbo la Pennsylvania, mama mmoja alimzika mwanawe wa miaka 20, mchezaji wa chuo kidogo, aliyefariki kwa bonge la damu moyoni baada ya kuugua korona. Jumuiya ya chuo chake ilikuwa imekwisha futa msimu tangu Julai. Hakucheza mechi hata moja. Alikuwa amerudi chuoni tu, kukaa na wenzake. Kifo chake hakimpi ushindi yeyote katika ubishi huu, na ndiyo maana sikukitaja mapema.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua kwamba chombo cha vyuo hakiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wanamichezo manufaa zaidi ya kimasomo, na mwezi uliofuata vijana wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, pamoja na takribani dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu mwaka 2016. Waliocheza mwaka wa korona wamo katika hesabu hiyo. Chama cha wachezaji kinachotambuliwa na vyuo hakikupatikana katika mapatano hayo. Fidia yenyewe ni ya vyuo vya daraja la kwanza tu. Vyuo vidogo, kama kile cha Pennsylvania, havimo.