Kabla Hujashusha Mipangilio Yote ya Gemu

Kijana wa Maramba, Tanga, anayetaka kucheza GTA V bila kumaliza akiba yake yote kwa kawaida hutafuta kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika ofisini, kisha huichomekea kadi ndogo ya grafiki. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inafaa kazi hiyo hadi leo. Inakula wati 60, na tundu la kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, hivyo nyingi hazidai waya wa ziada wa umeme. Gemu ikianza kukwamakwama, kijana anashusha kila mpangilio hadi chini kabisa. Picha inachakaa, na mara nyingi gemu inakwama vilevile.

Inakwama kwa sababu kila mpangilio una mzigo wake. Teksha, yaani picha zinazovalishwa kuta, barabara na nguo, hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Zikienea humo, hazipunguzi kasi kwa kiasi cha kukusumbua. Zikifurika, kadi inaanza kuazima kwenye RAM ya kawaida, na gemu inashtukashtuka kila unapokata kona. GTA V inakurahisishia: kwenye ukurasa wa mipangilio ya picha kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu inayotakiwa na iliyopo. Mwenye kadi ya GB 2 apandishe teksha mpaka akaribie ukomo, abakize nafasi kidogo. Kuzishusha zaidi ya hapo ni kujinyima bure.

Nguvu ya kuchora inaliwa na vitu vingine: vivuli, uakisi, na ulainishaji wa kingo, hasa ule wa MSAA, ambao kwenye kadi ndogo mimi nauzima bila kusita. Nyasi nazo zina hila yake. Ukipima kasi katikati ya jiji la Los Santos utadhani mambo yamekaa sawa, maana huko nyasi ni chache. Toka uende mashambani Blaine County, kwenye vichaka, ndipo uamue. Uchujaji wa anisotropiki uache juu, hata 16x. Gharama yake ni ndogo, na barabara inabaki safi mpaka mbali.

Kama bado haitoshi, punguza nukta za skrini. 1920 kwa 1080 ni nukta 2,073,600, na 1280 kwa 720 ni 921,600, chini ya nusu. Nafuu ni kubwa, lakini maandishi yanafifia. Naona heri kuanzia 1600 kwa 900, ambayo inapunguza karibu asilimia 30 ya nukta huku picha ikibaki ya kuridhisha.

Halafu kuna joto, na ukanda wetu wa Tanga hauionei huruma kadi yoyote mwezi Februari. Kadi ikizidiwa na moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni gemu kwenda vizuri mwanzoni kisha kuzorota baada ya muda, ingawa hujagusa kitu. Hapo weka ukomo wa fremu. Skrini ya 60 Hz haionyeshi zaidi ya fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo zinazozidi zinageuka joto na uniti za LUKU. Kadi isipoweza kushikilia 60, weka 30. Fremu 30 zilizotulia, kila moja milisekunde 33, hupendeza macho kuliko 45 zinazopanda na kushuka.

Ukomo usiposaidia, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kava, utoe vumbi kwenye mapezi ya kadi kwa brashi laini. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke ukipuliza, maana ikizungushwa kwa kasi huweza kuharibika. Kisha rudi vichakani Blaine County, palepale ulipopimia, upime tena.