Shibboleth, suke la kivukoni

Mwandishi wa siasa wa Uingereza akitaka kukikejeli chama kinachong'ang'ania kaulimbiu zilizochuja, huziita "shibboleth". Ni neno la wasomi, halisikiki sokoni wala kwenye basi. Hata hivyo, msomaji wa Biblia ya Kiswahili huenda keshakutana nalo: ndiyo ile "Shibolethi" ya Waamuzi sura ya 12.

Kisa chenyewe kinatisha. Wagileadi, wakiongozwa na Yeftha, waliwashinda Waefraimu, kisha wakavishika vivuko vya mto Yordani ili waliokimbia wasirudi kwao. Mtu aliyekana kuwa Mwefraimu hakuulizwa ukoo wala kijiji; aliambiwa atamke neno moja tu. Akisema "Sibolethi", kwa kuwa sauti ya mwanzo ilimshinda, aliuawa palepale. Biblia inataja Waefraimu 42,000 walioangamia wakati huo.

Kwa Kiebrania neno hilo ni suke la nafaka. Lina pia maana ya mkondo wa maji, na wapo wafasiri wanaoona kwamba penye kivuko hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Suke lenyewe lina ndugu yake katika Kiarabu, sunbula. Ndilo neno la yale masuke ya ndoto ya mfalme aliyoifasiri Nabii Yusuf, na ndilo jina la Kiarabu la buruji tunayoiita Mashuke. Mjadala mtamu huu, lakini walinzi wa kivukoni haukuwahusu. Neno lolote lenye sauti ile lingewatosha.

Kiingereza kililipata kupitia tafsiri za Biblia, na kufikia karne ya 17 lilikuwa limeanza kutumika nje ya kisa hicho. Maana yake ya kwanza haikwenda mbali na Yordani: ni neno, lafudhi au hata desturi inayomfichua asiye mwenzetu. Mfano unaotajwa sana ni wa Oktoba 1937, utawala wa Rafael Trujillo ulipoua maelfu ya Wahaiti katika Jamhuri ya Dominika. Inasimuliwa kwamba askari walishika kitawi cha kotimiri na kumtaka mtu akitaje kwa Kihispania, perejil, kwa sababu r ya Kihispania iliwapa taabu wasemaji wa Krioli. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama jaribio hilo lilienea kiasi hicho, ila mauaji yenyewe hayana ubishi.

Maana ya pili ndiyo ile ya wanasiasa. Kamusi huzitenganisha, mimi sioni umbali mkubwa. Mwanachama anayekariri kaulimbiu ya chama haulizwi kama anaiamini. Anasikilizwa kama ameitamka sawasawa.

Siku hizi ipo pia programu ya kompyuta yenye jina hilo, inayotumiwa na vyuo vikuu vingi kumtambua mwanafunzi anayetaka kusoma majarida ya mtandaoni. Akikosea nywila, huambiwa ajaribu tena.