Usukani Mwepesi Kuitika: Msianze na Mapambo, Anzeni na Matairi

Na Mwandishi Wetu, Brussels

Vijana wa Afrika Mashariki waishio hapa Brussels bado wanapenda magari ya kasi, ingawa tangu Januari 1, 2021 mwendo unaoruhusiwa katika barabara nyingi za jiji hili ni kilomita 30 kwa saa. Mmoja ana Golf GTI iliyokwishapita mikono mitatu, mwingine ana Impreza, na ndugu zao wa Nairobi na Dar es Salaam wana Subaru zilizoletwa kutoka Japani. Malalamiko yao hufanana: gari lina nguvu, lakini usukani umelegea. Ukikata kona, gari linafikiri kwanza ndipo linageuka.

Dawa wanayoikimbilia nayo ni ileile. Hununua usukani mdogo wa mashindano, springi fupi za kulishusha gari, na rimu kubwa zinazong'aa. Kwa maoni yangu huku ni kupaka rangi nyumba yenye nguzo iliyoliwa na mchwa. Usukani mdogo hauongezi hisia yoyote kutoka barabarani. Unaufanya mkono usafiri masafa mafupi tu, na mara nyingi mfuko wa hewa unaomkinga dereva unaondolewa pamoja na usukani wa zamani.

Tuanze chini, penye mpira. Amri ya mkono wako hufika barabarani kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Tairi likigeuzwa, ubavu wake hujikunja kidogo kabla ya kuanza kulivuta gari upande unaoutaka, na kujikunja huko ndiko kunakochelewesha. Tairi lililoandikwa 205/55 lina ubavu wa milimita 113 hivi, kwa sababu ile 55 ni asilimia ya upana wake. Tairi la 225/40 lina milimita 90. Ndiyo maana ubavu mfupi huitika upesi zaidi, na ndiyo maana pia hupasuka upesi zaidi likikutana na shimo la Mbagala, au na mawe ya kupanga na reli za tramu za mitaa ya huku kwetu.

Hata hivyo, kabla ya kununua tairi jipya, pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, ukifuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hufanya hata gari zuri lionekane limelewa. Kisha soma umri wake: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, mathalani 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huweza kuwa na kashata nzima na bado likawa gumu kama ubao, na kwenye mvua, ambayo Brussels haiishi, ugumu huo ni hatari.

Jambo la pili ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo ni uchakavu. Kati ya mkono wako na gurudumu kuna raki, tairodi na ncha zake, boljointi, na bushi za mpira zinazoshika mikono ya gurudumu. Kila kimoja kikilegea milimita moja, jumla yake ni ule uchelewaji unaoulalamikia. Tena boljointi iliyokwisha haiishii kuleta uvivu. Ikichomoka, gurudumu hulala ubavu, na katika barabara kuu za Ubelgiji, ambako mwendo wa mwisho ni kilomita 120 kwa saa, hapo hakuna usukani tena wa kuzungumzia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari inataka mfumo wa usukani ukaguliwe, pamoja na ulegevu wake. Nyumbani, sehemu nyingi, mkaguzi ni wewe mwenyewe na fundi wako.

Kupima si kazi kubwa. Inua gurudumu la mbele, gari likae juu ya stendi imara, jeki peke yake haitoshi. Shika gurudumu kulia na kushoto, litikise. Likicheza, angalia ncha za tairodi. Lishike juu na chini. Likicheza, shaka inakwenda kwenye boljointi au beringi. Bushi zilizochanika huonekana kwa tochi. Wapo wanaoweka bushi za poliyurithani badala ya mpira, na kweli gari hukaza, ila kila kokoto utalisikia kwenye kiti. Kwa gari la kila siku mimi ningeweka mpira mpya.

Hayo yakikamilika ndipo mwende kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Ukiifanya kabla ya kubadilisha vilivyochakaa umetupa fedha. Magurudumu ya mbele yakifunguka kidogo kwa nje, gari huingia konani haraka, lakini kwenye barabara iliyonyooka hutangatanga na kula matairi. Pembe ya ekseli inayolalia nyuma, ambayo mafundi huiita kasta, ikiongezwa, usukani hurudi wenyewe katikati na kuzungumza na mkono vizuri zaidi.

Wenye magari mapya wana swali jingine. Siku hizi usukani mwingi husaidiwa na mota ya umeme badala ya mafuta, na kile kitufe cha "sport" mara nyingi hupunguza tu msaada wa mota. Usukani unakuwa mzito, dereva anaridhika, lakini habari za barabarani ni zilezile. Subaru waliendelea kutumia mafuta kwenye WRX STI ya mwaka 2015 wakati WRX ya kawaida ilikwishahamia umeme, na wapenzi wake hawakuacha kuwakumbusha wengine.

Kuhusu kushusha gari, watazameni wanamashindano wenyewe. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, gari lake lilikuwa limeinuliwa. Mbelgiji Thierry Neuville aliongoza Safari ya 2021, ya kwanza ya ubingwa wa dunia tangu 2002, hadi asubuhi ya siku ya mwisho, shokapu ya nyuma ikamwangusha. Usukani wake ulikuwa mzima kabisa.

Mkitoka kwenye alaimenti, daini karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Fundi akisema mashine yake haitoi karatasi, tafuteni gereji nyingine.