Je, Wajua? Sponji Chafu Ndiyo Mali

Je, wajua kwamba jaribio lililofichua kinachotendeka ndani ya kichujio cha tangi la samaki lilifanywa bila samaki hata mmoja? Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na mawe ya chokaa ndani ya bomba la urefu wa mita moja, wakawa wanapitisha humo majitaka, polepole, tone kwa tone. Kwa siku 20 hivi hakikubadilika kitu. Amonia iliyoingia juu ilitokea chini vilevile. Halafu nitrati zikaanza kuonekana na amonia ikatoweka. Wakaingiza mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakautoa mvuke, wakangoja, kimya. Walipomimina maji yaliyokorogwa na udongo wa shamba, baada ya muda nitrati zikarudi. Hapo ndipo ilipobainika kuwa mchanga haukuwa ukifanya lolote ila kuwapa wenye kazi mahali pa kukaa. Kila anayekomaza tangi jipya leo, akingoja bakteria wa kugeuza amonia ya samaki wajae kichujioni, anarudia jaribio hilohilo, ila yeye huwa na haraka.

Je, wajua kwamba wenye kazi hao huzaliana kwa mwendo wa kinyonga? Bakteria wa kawaida wa tumboni, *E. coli*, akipata chakula na joto la kumfaa hugawanyika kila dakika 20. Bakteria wanaokula amonia huchukua saa kadhaa hata wakiwa katika hali njema kabisa, na mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana kichujio kipya, kiwe cha bei gani, huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kutegemewa.

Je, wajua kwamba wiki hizo unaweza kuzipunguza sana bila kununua kitu? Tafuta mtu mwenye tangi la muda mrefu lenye samaki wazima, umwombe kipande cha sponji ya kichujio chake. Kiwe kichafu. Kiminywe kidogo tu, ndani ya ndoo ya maji ya tangi lilelile, na utaona tope la kahawia likitoka kama chai iliyochemka sana. Kinuse: sponji hai hunukia udongo uliopata mvua. Ikinuka yai viza, walio ndani walikosa hewa zamani, usiipeleke kwako. Kisafirishe kikiwa na unyevu, kiingie kwenye kichujio kipya siku hiyohiyo. Ni yale maji ya udongo ya Wafaransa wale. Wapo watakaokuuzia chupa za bakteria kwa bei ya kutisha. Nyingine husaidia, ila mimi naanza na sponji ya jirani. Sharti ni moja: jirani huyo asiwe na samaki wagonjwa, maana maradhi nayo husafiri.

Je, wajua kwamba nafasi kubwa kwenye karatasi si nafasi kubwa kwa bakteria? Gramu moja ya mkaa amilifu ina eneo la ndani linaloweza kupita mita 500 za mraba, na wauzaji hupenda kuitaja namba hiyo. Lakini vitundu vingi vya mkaa huo vina upana usiofika nanomita 2, na bakteria mmoja ana takriban nanomita 1000. Haingii mlangoni. Kwa bakteria, mkaa huo ni kokoto nyeusi tu: wanakaa nje. Pete za kauri na vioo vilivyookwa vina matundu makubwa zaidi, na hapo wanaingia, mradi tope lisiwahi kuyaziba. Likiziba, umelipia pango ambalo halina hewa.

Hapa ndipo sponji ya kawaida, yenye matundu 20 hadi 30 kwa kila inchi, inapovishinda vingi vyenye majina. Maji hupita katikati yake badala ya kupita pembeni. Inaoshwa kwa kuminywa. Inakatwa kwa kisu ikae utakavyo. Na ikifika siku ya kumsaidia mwenzako, unamegea kipande.

Je, wajua kwamba bakteria hawa ni walafi wa oksijeni kuliko wa amonia? Miligramu moja ya nitrojeni iliyo katika amonia, ili igeuzwe nitrati, hula zaidi ya miligramu 4 za oksijeni. Nayo lita ya maji yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, haibebi hata miligramu 8 za oksijeni. Mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam anapata joto linalowapendeza bakteria bila kununua hita, lakini oksijeni anaipata kwa kipimo cha mgao. Basi kinachowekwa ndani ya kichujio kiwe kile kinachoruhusu maji kwenda mbio: vikubwa mbele vya kukamata uchafu, vya kukaliwa na bakteria nyuma.

Umeme ukikatika? Kichujio kilichofungwa, kama mkebe chini ya meza, huishiwa hewa ndani ya saa chache. Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ina nafuu: pampu ndogo ya betri inaiendeleza, na hata ikisimama, sponji yenyewe imezungukwa na maji ya tangi zima. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, ufungue mkebe kwanza, umwage maji yaliyolala humo, ndipo uwashe.

Je, wajua kwamba jiwe la kusugulia miguu linafaa kuwa makazi ya bakteria? Ni pumisi, povu la volkano lililoganda, na eneo la Naivasha na Longonot linalo kwa wingi. Huelea mwanzoni, liloweke mpaka lizame. Jirani yake, diatomaiti inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ni bingwa wa kuchuja vinywaji viwandani, lakini ni unga mwembamba mno. Ukiitia kwenye kichujio cha kukomaza tangi itaziba kabla bakteria hawajahamia.

Jiwe lolote unalookota, lidondoshee siki kwanza. Likitoa mapovu, lina chokaa, na litapandisha pH ya maji. Kwa samaki wa mito ya Amazon hilo ni balaa. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika ni neema, na hapa pana jambo la kukaa nalo kidogo, maana ni samaki wa kwetu wanaopendwa na wafugaji Ulaya na Marekani.

Maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9. Amonia ndani ya maji hukaa kwa sura mbili: moja mpole, nyingine sumu kali. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa mto angekivumilia, kinamuua tropheus, samaki wa Kigoma. Tangi la samaki hawa likomazwe tupu, kabisa, kabla hawajafika. Na tena, kazi ya bakteria hutoa asidi: kula miligramu moja ya nitrojeni ya amonia humaliza takriban miligramu 7 za ualkali wa maji, ukipimwa kama chokaa. Mfuko mdogo wa vipande vya matumbawe yaliyokufa au makombe yaliyopondwa, ukiwekwa ndani ya kichujio, husaidia kurudisha kinacholiwa. Schloesing na Müntz walikuwa na chokaa ndani ya bomba lao. Bila hiyo asidi ingewazimia kazi.

Je, wajua kwamba zeolaiti inaweza kukudanganya? Hufyonza amonia kwenye maji yasiyo na chumvi, kipimo kinasoma sifuri, nawe unashangilia. Bakteria wamenyimwa chakula tu. Siku ukitia chumvi kutibu samaki, zeolaiti inaitapika amonia yote kwa mkupuo. Iweke kabatini kwa dharura.

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya karne vitabu vilisema kazi hii ni ya zamu mbili, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, kama alivyoonyesha Sergei Winogradsky mnamo 1890? Mwaka 2015 walitangazwa bakteria wa jamii ya *Nitrospira* wanaofanya zamu zote mbili peke yao. Baadhi yao walipatikana kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.

Je, wajua kwamba kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini kunaweza kufuta kazi ya mwezi mzima kwa dakika mbili? Na kwamba kubadilisha maji hakufuti, kwa sababu wengi wao wamejishikiza kwenye sponji na mawe, hawaogelei?

Je, wajua kwamba chakula cha kuanzia kinapatikana sokoni? Kamba mmoja mbichi ndani ya soksi, aoze. Ananuka, lakini anatosha. Ukipendelea amonia ya chupa, itikise: povu likibaki juu, ina sabuni, iache dukani. Tia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Siku amonia na nitriti zote zitakaposoma sifuri saa 24 baada ya kutia kiasi hicho, na nitrati ikiwa imepanda, badilisha sehemu kubwa ya maji ulete samaki wa kwanza, wachache.